Bi Katibu Aliyekalia Mikono Yake

Naanza kuandika haya leo Jumapili, saa tisa na robo alasiri, Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, katika chumba cha nyuma nyumbani kwa shangazi yangu. Kesho asubuhi natakiwa kumkabidhi meneja wa kiwanda cha langilangi maelekezo niliyoyaandika: namna ya kuendesha mtambo wa kukeneka mafuta, tangu kupakia maua hadi kufunga chupa. Yakimridhisha, nitapewa kazi ya kuandika hapo kiwandani kwa mwaka mzima, kazi yangu ya kwanza. Yasipomridhisha, nitapanda meli kurudi Mahajanga nikasimame nyuma ya kaunta ya mjomba wangu, niuze misumari na kufuli na kuongea na watu kutwa. Anayenijua anajua kwamba hapo kwenye kuongea na watu ndipo ninapokwama.

Nimetoka kijiji cha Marodoka sasa hivi, kumwona mtu aliyenifundisha kazi hii, na ameniudhi. Kwa kuwa siwezi kula wala kulala, na zile karatasi nikizigusa tena nitazichana, nitaandika habari zake yeye. Naandika Kiswahili nilichofundishwa na koko, bibi yangu mzaa mama, kwa sababu nyumba hii kila mtu anasoma Kimalagasi na Kifaransa, na binamu zangu hawaoni karatasi bila kuipekua. Maneno ya watu humu yalisemwa kwa Kimalagasi, mara mojamoja Kingazija. Mimi nayageuza tu.

Mtaa wetu wa Mahabibo, kule Mahajanga, ulimwita Bi Katibu, ingawa hajawahi kuwa katibu wa mtu. Alikuwa mwandishi wa kampuni moja iliyoagiza pampu za maji, jenereta na mashine za kukoboa mpunga. Mashine zilikuja na vitabu vya lugha za kwao. Yeye ndiye aliyewaandikia wateja kurasa chache za kueleweka: washa hivi, zima hivi, ikitoa moshi mweusi fanya hivi. Aliandika pia barua za kampuni, taarifa za safari za mafundi na kumbukumbu za mikutano. Alianza mwishoni mwa miaka ya sabini, ofisi zilipotaka ghafla kila kitu kiwe cha Kimalagasi, na wakubwa waliosomea Kifaransa wakawa wanatafuta mtu wa kueleza kwa lugha ya nyumbani jinsi ya kubadilisha mpira wa pampu bila wakulima kucheka. Yeye aliweza, kwa sababu alikuwa amekaa na wakulima.

Lakini kwetu mwanamke mwenye taipureta ni katibu, basi. Nilipomwuliza kama jina linamkera, alisema, "Katibu anaandika anachoambiwa. Mimi naandika kile walichosahau kuambiana. Sasa nikisimama sokoni kumweleza kila mtu hayo, samaki wangu ataoza. Waache waniite."

Alikaa chumba cha chini, sisi juu. Jumamosi asubuhi alipaka liwa usoni, ile ya msandali, akakaa mbele ya taipureta hivyo hivyo na uso wa manjano. Liwa ikishakauka hakuweza kucheka bila mashavu kupasuka vipande, kwa hiyo vichekesho vyake vizuri vyote alivisema amekaza uso kama hakimu. Nilipokuwa mdogo nilimwogopa kwa sababu hiyo. Baadaye nikajifunza kutazama mabega. Mabega yakitikisika, cheka.

Hakuweza kuacha maandishi yapite bila kuyasoma. Karatasi ya sabuni, kikaratasi cha dawa, tangazo la mkutano wa wazazi, vyote alivisoma kwa sauti, na penseli ilikuwa imechomekwa kwenye nywele chini ya mtandio. Siku moja tulikuwa pwani tukimsubiri dada yangu ashuke na chombo kutoka Antsanitia. Pale gatini palikuwa na kibao: Abiria Wasikae Hapa. Bi Katibu akamwendea mlinzi.

"Wakae wapi?"

"Madamu?"

"Abiria. Umewaambia wasikae hapa. Wakae wapi?"

"Mimi nimepewa kibao tu, Madamu."

"Na wanakaa wapi?"

Mlinzi akageuka. Abiria wote walikuwa wameketi chini ya kibao, kwa sababu ndicho kilichokuwa na kivuli. Bi Katibu akaomba chaki, akaandika chini yake, Kaeni Kule Ukutani, akachora na mshale. Watu wakainuka wakaenda ukutani, bila ubishi, kama waliokuwa wakingoja kuambiwa. "Ukimkataza mtu bila kumwonyesha pa kwenda," akaniambia tukirudi, "umemwachia kazi yako aifanye yeye."

Jambo alilojulikana nalo kuliko yote ni kukalia mikono. Nitaeleza kwa kisa cha mokari, maana hata koko alikuwa akikisimulia kwa wageni.

Mama yangu anasifika kwa mokari, vile vikate vya unga wa mchele na tui. Walibishana na Bi Katibu siku moja uani. Mama alisema kazi ya Bi Katibu haina ugumu, ni kuandika tu kitu ambacho tayari mtu anakijua. Bi Katibu akasema, "Haya, andika mokari." Mama akaandika nusu ukurasa kwa mwandiko mzuri. Bi Katibu akamwita mjomba, yule wa dukani, mtu ambaye hajawahi kuchemsha hata maji, akampa ile karatasi na jiko.

"Bwana Duka, fuata kilichoandikwa. Huulizi, hujibiwi."

Kisha akakaa kwenye benchi, akaingiza viganja vyake chini ya mapaja na kuvikalia. "Na wewe, mama watoto, kalia yako."

Mjomba akasoma. "Chukua mchele uliolowekwa." Akatazama huku na huku. "Umelowekwa na nani?"

Mama akafungua mdomo.

"Mikono," akasema Bi Katibu.

"Mikono nimeikalia. Nataka kusema tu."

"Mdomo nao ni mkono. Tulia."

Mjomba akaokota mchele mkavu, akautwanga kwa tabu hadi jasho likamtoka, akaendelea kusoma. "Tia nazi ya kutosha." Akaipima nazi kwa mkono, akaiweka nzima ndani ya bakuli, na maganda yake. "Hii inatosha," akasema. "Ikizidi hapa bakuli litapinduka."

"Wewe mwanamume una akili kweli?"

"Akili ninayo, dada. Sina maelekezo."

Koko alikuwa ameshaweka kichwa kwenye mto, anacheka bila sauti. Ilipofika "oka mpaka viive," mjomba akauliza hewani, "Nitajuaje?" na kwa sababu hakujibiwa akaendelea kungoja mpaka moshi ukapanda juu kwa jirani. Hatukula kitu siku hiyo. Lakini mama, aliyekuwa amekasirika kweli mwanzoni, alichukua penseli akaandika upya. Loweka mchele tangu jana yake. Nazi moja, iliyokunwa na kukamuliwa. Geuza kingo zikianza kuachana na kikaango. Karatasi ile bado ipo ukutani, na mjomba sasa anapika mokari kila Idi, vizuri kuliko mama, jambo ambalo mama hajamsamehe.

Ofisini alifanya vivyo hivyo. Kila alipomaliza maelekezo ya mashine, alitafuta mtu asiyeijua, muuza chai au mlinzi wa lango, akampa karatasi na mashine, akakalia mikono. Pale msomaji aliposimama na kukuna kichwa, yeye aliweka alama. Hakuwahi kusema kwamba msomaji ni mzito. Alisema, "Hapo nimemwacha njiani."

Sasa mtu akisikia hayo atadhani Bi Katibu mwenyewe alikuwa mtu wa mambo mafupi na ya mpangilio. Wapi. Kusimulia kwake hakukuwa na mwanzo wala mwisho. Angeanza na habari ya pampu ya Belobaka, apite harusi ya binamu yake, aingie bei ya khanga, na akifika pale ulipokuwa unangoja, angesimama kwenda kutazama kama mvua inakuja. Chumba chake kilijaa karatasi hadi kitandani. Alikuwa na dawa ya shinikizo la damu, akaisoma karatasi yake yote, akaisahihisha kwa penseli, akasifia aya ya tatu, na dawa yenyewe hakuimeza mpaka mama yangu aliposimama mbele yake na gilasi ya maji. Na mashine aliziogopa. Aliandika jinsi ya kuwasha jenereta kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia bandarini, na sijamwona hata siku moja akigusa swichi ya jenereta. "Kuogopa kunanisaidia," alisema. "Asiyeogopa anaruka hatua."

Kulikuwa na kisa kingine alichojisimulia mwenyewe, kila mara kwa namna tofauti kidogo. Alipoanza kazi alikuwa amesoma mahali kwamba barua ya biashara iwe fupi. Akapewa kumwandikia mzee mmoja, mfanyabiashara wa mpunga wa Marovoay, kumweleza bei za pampu. Akaondoa salamu, akaondoa ile kuomba radhi ya kusema mbele ya waliomzidi umri, akaondoa kuulizia hali ya nyumbani. Ikabaki mistari sita, safi kabisa. Meneja wake akaisifu. Baada ya wiki ile barua ikarudi mkononi mwa dereva wa lori, bila jibu lolote la maandishi, na dereva akasema, "Mzee anasema msichana aje kwanza amsalimie, halafu ndiyo waongee pampu."

"Ukaenda?" nilimwuliza.

"Nilikwenda. Nikala kwake, nikasalimia hadi watu waliokuwa wamelala. Akanunua pampu zote na akaniambia barua yangu ilikuwa imeeleweka vizuri mno. Alielewa kwamba sina haja naye." Mabega yakatikisika. "Tangu siku hiyo, kabla sijaandika, nauliza: huyu atakayesoma, anaanzia wapi? Wa Marovoay anaanzia nyumbani kwake. Mzungu wa benki anaanzia bei. Wote wawili wana haki."

Vijana wa mtaani walimjia awasaidie kuandika maombi ya kazi. Aliwapa chai na kuwakata maneno. Mmoja alikuwa ameandika kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza. Bi Katibu akamwuliza, "Hata mvivu ataandika hivyo, si ndiyo? Sasa umefanya nini?" Kijana akasema hajafanya kitu, ni kusaidia tu kwenye gereji ya baba mdogo. "Kusaidia nini?" Kupanga vipuri. "Vilikuwaje kabla?" Mchanganyiko, fundi alikuwa anatafuta boliti nusu ya siku. "Na sasa?" Anaipata palepale. "Basi andika hiyo." Akaandika, akapata kazi ya stoo bandarini. Mama yake alileta kuku, Bi Katibu akamkataa kuku kwa kuwa hajui kupika, akala kwetu siku iliyofuata.

Mimi nilianza kushuka kwake nikiwa kidato cha chini, kwa sababu kule sikulazimika kusema. Alinipa kazi za kunyamaza: kunakili, kupanga, kusoma kwa sauti ndogo ili asikie sentensi inapokwama. Alinifundisha kwamba kumbukumbu za mkutano hazina haja ya kila lililosemwa, zina haja ya nani atafanya nini na lini, na kwamba ziwafikie watu kabla hawajasahau walichoahidi. Alinifundisha kutunza nakala ya kila kitu nilichoandika, "siyo kwa kujisifu, ila siku utakayoulizwa unaweza nini, usianze kuapa." Alinifundisha kumwambia anayenipa kazi siku ya mbele kidogo kuliko ile ninayoijua, na kama nitachelewa niseme mapema, nikiwa bado naweza kutazamwa usoni.

Kitu kimoja kilimshinda kunifundisha, nacho ni kuuliza.

Alinipeleka Belobaka, kwenye karakana ya mashine za mpunga. Alitaka nimwulize fundi kwa nini mkanda wa mashine unachakaa upande mmoja. Nilisimama mbele ya yule fundi na daftari langu, nikauliza. Nadhani niliuliza. Fundi akanitazama, akaingiza mkono mfukoni akatoa sarafu, akasema, "Nipe za hii moja, ila ziwe moto." Alidhani nauza karanga. Bi Katibu akageukia ukuta. Siku hiyo hakuwa na liwa usoni, na bado aliona afadhali auangalie ukuta.

Njiani kurudi nililia kidogo. Hakunibembeleza, ila hakunicheka tena. Alisema, "Mimi sitaki uwe msemaji. Wasemaji hawasikii majibu. Sauti yako ni ndogo, sawa, msogelee mtu. Ila usiandike kitu ambacho ungeweza kukiuliza ukaogopa. Kitu hicho ndicho kitakachovunjika."

Nilisema ndiyo. Tangu siku hiyo niliendelea kuandika vizuri na kuuliza vibaya, na yeye aliliona hilo wazi.

Mwaka juzi kampuni ilileta kompyuta, naye akastaafu. Alihamia huku Nosy Be, Marodoka, kukaa na mdogo wake mjane. Meneja mpya wa kiwanda cha langilangi, kijana aliyetoka Antananarivo msimu huu, alisikia habari zake akamfuata amwandikie maelekezo ya mtambo. Alikataa. Alisema mkono wake umechoka, lakini yupo binti wa Mahajanga, na kama binti akiharibu, basi meneja aje amlaumu yeye. Nilipopata habari hiyo kwa barua ya shangazi nilifurahi hadi nikakosa pumzi. Halafu nikaanza kuogopa.

Niliandika sehemu kubwa nikiwa bado Mahajanga, kwa maelezo ya fundi aliyefunga mtambo, ambaye ni mtu wetu, wa mtaa wetu, wa kuongea naye kwa urahisi maana anaongea peke yake. Wiki iliyopita nikaja huku, nikauona mtambo, nikapima kwa macho, nikarekebisha. Meneja ameshasoma mara moja akasema ni nzuri. Kwa hiyo leo nilikwenda Marodoka nikijiona.

Nilimkuta Bi Katibu barazani, amenenepa, na liwa usoni. Mdogo wake alikuwa ndani anakaanga samaki.

"Lo, mwandishi amekuja. Marahaba, marahaba. Umekula? Hujala. Keti hapo, ondoa karatasi, hizo nyingine weka chini. Zilete zako."

Alisoma zote, penseli mkononi, na nikaona haiandiki. Alisoma tena ukurasa wa mwisho. Kisha akaichomeka penseli kwenye nywele.

"Nzuri," akasema. "Inasomeka kama maji. Hii hapa, kila Jumanne asubuhi, mwageni tangi, sugueni, jazeni maji mapya. Kwa nini Jumanne?"

Nilifurahi kuulizwa, kwa sababu hapo nilikuwa nimefikiri sana. Nilimwambia kwamba fundi alipendekeza Ijumaa. Mimi nikaona Ijumaa watu wanawahi msikitini, haifai kuwapa kazi ya masizi na maji, nikahamisha. Na Jumanne mtambo unapumzika, hauna maua. Kwa hiyo nimewapa siku ambayo hawana shughuli.

"Umewafikiria," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini mtambo unapumzika Jumanne?"

"Kwa sababu maua hayaji."

"Kwa nini hayaji?"

Nikausoma ukurasa upya. Nikasikia samaki wameacha kukaangwa kule ndani. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, anataka kusema kitu.

"Wewe," Bi Katibu akamwambia bila kugeuka, "mikono."

"Dada, mtoto wa watu ana kazi kesho."

"Ndiyo maana nakwambia mikono."

Na yeye mwenyewe akaingiza viganja chini ya mapaja pale kwenye mkeka, mwanamke mzima, akanitazama. Nilimwuliza kuna kosa gani. Akaanza kunieleza habari ya goti lake. Nilimwuliza tena. Akafika kwenye harusi ya binti wa jirani. Nilimwambia, na sijawahi kumwambia mtu mkubwa neno kama hilo, "Bi Katibu, nikikosa hii kazi nitauza misumari maisha yangu yote." Akasema, "Najua, mwanangu. Na mimi nitakuwa nimemdanganya meneja. Kula samaki."

Nilikula nusu, nikaaga, nikaja zangu. Hapo ndipo nilipo sasa. Nimeandika haya yote na bado nimekasirika, ila si sana kama nilivyoanza. Kesho nitatangulia kufika kiwandani kabla ya meneja. Sijui nitasema nini.

Jumatatu, mchana.

Nilifika wakati vikapu vya maua vinashushwa. Banda la mtambo ni la bati, na anayechochea moto ni mama mmoja mrefu, mwenyeji wa hapo. Nilisimama mbali. Kisha nikakumbuka kwamba mbali hakunifai, nikasogea mpaka joto likanipiga magoti.

"Azafady, samahani, mama. Kwa nini mtambo unapumzika Jumanne?"

"Sauti, mdogo wangu. Moto unakula maneno."

Nikarudia. Akaegemea kijiti chake. "Maji haya yanatoka chemchemi ile ya juu. Jumanne ni fady, mwiko wa mahali hapa. Ya kunywa tunachota. Ya kazi hatuchoti. Sasa mtambo utachemsha nini?"

Nikamwonyesha ukurasa wangu wa mwisho. Nikamsomea. Akafuta mikono kwenye nguo, akaishika karatasi kwa heshima, pembeni, asiichafue.

"Umeandika vizuri. Herufi zinaonekana."

"Mngepewa hii, mngefanya nini?"

"Tungesema asante."

"Halafu?"

"Halafu tungesafisha tangi Jumamosi maua yakiisha, kama siku zote. Na karatasi tungeitundika pale, ipendeze." Akacheka, na waliokuwa wanamimina maua wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilitegemea kuona aibu. Sikupata nafasi, kwa sababu mmoja wao alisema kwamba hata ukurasa wa mbele kuna kisicho sawa, akaja akanionyesha.

Bi Katibu angeniambia jana, ningefuta Jumanne nikaandika Jumamosi, nikalala usingizi mzuri. Hayo mengine yangebaki kama yalivyo.

Meneja alipofika nilikuwa nina masizi hadi kwenye viwiko. Aliunyosha mkono apokee karatasi. Nikamwambia sitoi leo, zina makosa, naomba hadi Ijumaa. Nilisema nikiwa nimemsogelea sana, maskini, akarudi nyuma hatua.

"Uliahidi leo."

"Niliahidi, Mesye." Nikamweleza habari ya Jumanne.

Alitazama banda. "Mimi nimekaa hapa msimu mzima. Mbona hawajaniambia?"

"Hatukuwauliza, Mesye. Wewe na mimi."

Nilidhani nimeipoteza kazi yangu kwa sentensi hiyo. Yeye akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ijumaa," akasema. "Lakini asubuhi, siyo baada ya sala. Mkataba nitauandika nikiona wanakifanya kilichoandikwa. Meza yako ni ile pale ofisini, dirishani."

Nikamwomba meza iende bandani. Akasema kuna moshi. Nikasema ndiyo. Mama wa moto akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaibeba tukaiweka pale ambapo tangi linaonekana, na kabla sijakaa nikamwuliza kwa nini ndani ya mtambo maua ya juu hayashindiliwi kama ya chini.